Chungwa Nililolichora Kwenye Chupa ya Sabuni

Juzi msichana aliyechukua kiti changu pale River Road alinipigia simu. Anaitwa Faith, ana miaka kumi na tisa, na kwenye kompyuta ana mkono mwepesi kuliko nilivyowahi kuwa nao.

"Anti, niko na fomu ya chuo hapa. Wanauliza dizaini ni nini, nijibu kwa maneno yangu. Niandike nini?"

"Andika chochote, wapelekee."

"Si uniambie tu. Wewe umefanya hii kazi miaka yote hiyo."

"Sijui, Faith."

"Hujui aje?"

"Sijui. Na mimi hilo swali niliulizwa mahali pabaya kuliko kwenye fomu."

Akasema ana mteja, akakata. Kwa hivyo naandika. Hii ni yako, Faith, na ya wenzako wote mnaomaliza kidato cha nne mkaingia kwenye ofisi za uchapaji mkiambiwa kuanzia leo nyinyi ni watu wa dizaini. Najua mtacheka, mtu wa miaka thelathini na mmoja, mwenye mtoto ambaye juzi tu alikuwa ananyonya, anaandika kama mzee anayengoja pensheni. Chekeni. Nilikaa kwenye kile kiti miaka kumi na mmoja, nikatoka, na sirudi. Kama huko si kustaafu, nitafutieni neno. Na mkiona nimekasirika humu ndani, ni kweli nimekasirika. Msinitulize.

Ofisi yetu ni chumba kimoja ghorofa ya kwanza, juu ya duka la misumari na kufuli. Kompyuta tatu, printa mbili, mashine ya kukata karatasi yenye kisu cha kutisha, na benchi la wateja. Kadi za harusi, vitabu vya risiti, mabango, vijitabu vya mazishi, stika za kila aina. Mteja anakaa nyuma ya bega lako anakuambia ongeza rangi hapo, weka ua hapa, jina langu lifanye kubwa. Ukimkubalia kila neno, kazi inatoka kama kabati la nguo lililoanguka. Ukimkatalia kila neno anahamia mlango wa pili, na milango pale haiishi.

Aliyenifundisha ni Mzee Karanja. Alikuwa mchoraji wa mabango kwa brashi kabla kompyuta hazijaja, na zilipokuja akawekwa kwenye mashine ya kukata karatasi. Hakuwa mtu wa upole. Bango langu la kwanza, la mwenye duka la rangi, alilichukua, akampa mbeba mizigo mmoja pale chini alinyanyue juu, kisha akanivusha barabara mpaka upande wa pili. Magari yanapita katikati, watu wanatusukuma.

"Soma."

"Naona nyekundu, mzee."

"Nyekundu inauza nini?"

"Sijui."

"Basi hujachora kitu. Umemwaga rangi."

Akanionyesha namna ya kutazama kazi: fumba jicho moja, lile lingine lifumbe nusu. Kinachobaki kinaonekana ndicho mtu mwenye haraka atakachokiona. Hiyo naomba muichukue bure, inafanya kazi mpaka leo. Na hii pia: majina ya watu yasome kwa sauti, kuanzia la mwisho kurudi la kwanza, kwa sababu ukisoma kwa kufuata utaratibu macho yanakudanganya. Na mteja atie sahihi kwenye nakala ya mwisho kabla hujachapa. Hiyo ya sahihi niliipenda sana. Ngojeni mtaona.

Nilijua dizaini ni kusomeka. Niliijua kwa miaka miwili hivi, mpaka mazishi ya Limuru.

Familia moja ilitaka kijitabu cha mazishi cha baba yao. Watu wenye nafasi yao. Wakataka kitu cha heshima, nikawapa karatasi ya rangi ya maziwa na maandishi ya dhahabu iliyopoa. Nilivuka barabara nayo, ikasomeka. Mzee Karanja mwenyewe akaguna, na kwake kuguna ni medali. Siku ya mazishi wakasimamisha hema la manjano. Jua likapiga hema, chini ya hema kila kitu kikawa cha manjano, na maandishi yangu yote yakapotea. Watu mia kadhaa wameshika karatasi tupu. Kwaya ikaanza wimbo mmoja, wazee wakaanza mwingine, mhubiri akakosa mahali pa kukomea kwa hivyo hakukoma. Binti wa marehemu alikuja ofisini Jumatatu na kijitabu mkononi. Hata hakupiga kelele. Alikiweka chini ya mfuko wake wa plastiki wa manjano, akaniambia, "Isome wewe."

Tangu siku hiyo kila mteja nilimuuliza: itasomewa wapi? Ndani ama nje? Hema ni la rangi gani? Nikajiona nimeiva.

Sasa sikilizeni jambo ambalo lilinisumbua, kwa uzuri, kwa miaka. Ghorofa ya juu yetu kulikuwa na Atieno, fundi wa nguo, anayeshona sare za kwaya na magauni ya harusi. Nikimpelekea chai namwambia leo nimepiga dizaini moja kali. Ananitazama juu ya miwani. "Wewe unachora karatasi. Dizaini ni mtu ainue mkono kanisani na kwapa lisipasuke." Neno lenyewe analitumia mara chache. Yeye husema mshono. Mafundi wa nyumba wakija kuchapa michoro yao wanasema ramani. Mzee Karanja alisema mchoro tu, na wale wa kutengeneza mageti husema umbo. Kila mtu ana neno lake na kila mtu anaamini wengine wanacheza. Nilikuwa nawauliza wote. Wateja wakingoja mashine nawatupia: kwako dizaini ni nini? Nilikuwa nataka kujua kwa kweli, kama mtu anayetaka kujua kwa nini chapati za mwenziwe huwa laini.

Mmoja alikuwa arkitekti, mama mmoja wa heshima, ambaye tulimchapia ramani za nyumba kubwa Spring Valley. Akanijibu bila kufikiria: "Ni kutatua shida ya mtu." Nikalipenda hilo jibu, nikalitembeza wiki nzima. Ikafika siku nikatumwa kumpelekea karatasi kwenye nyumba yenyewe, imeshakaliwa. Sebule ina dirisha la kioo kutoka sakafuni mpaka juu kabisa, ghorofa mbili. Nzuri mpaka unatamani kulia. Mfanyakazi wa nyumba alikuwa amesimama chini yake na kitambaa, ametazama juu.

"Hii inapanguswa aje?" nikamuuliza.

"Muulize huyo," akasema, akielekeza kidevu kwa arkitekti. "Mimi nafika hapa." Akanyoosha mkono. Alama ya uchafu ilianzia hapo hapo mkono ulipoishia, imenyooka kama imepigwa rula.

Yule mama, na nampa heshima yake kwa hili, hakukasirika. Alitazama ile alama kwa muda. "Sikufikiria mtu wa kulipangusa," akasema. Nikarudi mjini nikicheka. Nikawasimulia ofisini, wote tukacheka. Watu wa majengo bwana, hawana akili.

Haya. Sasa chungwa.

Naishi Kangemi, kwenye ploti ya vyumba vya kupanga. Ploti ya nyuma kuna mama mmoja, Mama Wangui, anachanganya sabuni ya maji kwenye pipa la bluu kwa mwiko mrefu kama kasia. Ni mama wa makamo, mchangamfu, mwenye mdomo, na sabuni yake ni nzuri. Alikuwa anaiuza bila lebo. Siku moja akanisimamisha kwenye njia.

"Mami, si wewe unafanya dizaini huko tao, River Road? Nitengenezee lebo. Ile mtu akiiona mate yanamtoka."

"Ya sabuni?"

"Ni ya harufu ya machungwa. Nataka ipite zile za supamaketi."

Nikaichora. Faith, mimi nimechora vitu vingi lakini lile chungwa lilikuwa chungwa. Limekatwa katikati, nyama yake inang'aa, tone moja linaning'inia ukingoni karibu lidondoke. Nikauliza maswali yangu yote. Itasomewa wapi? Dukani, kwenye rafu, taa ni nyeupe. Italowa? Ndiyo, itakaa kwenye sinki, kwa hivyo nikachagua karatasi isiyobanduka kwa maji. Chini kabisa nikaandika Weka mbali na watoto, kwa sababu zote huandikwa hivyo, na nikaiandika ndogo kwa sababu ilikuwa inaharibu tone. Mama Wangui akatia sahihi. Lebo ikaenda kwenye chupa za plastiki za nusu lita zinazoonyesha ndani, ambazo ananunua kwa Musyoka, muuza chupa wa pale sokoni, na sabuni yenyewe ni ya rangi ya chungwa. Ikiwa kwenye rafu huwezi kuipita. Ilitoka kama maandazi ya asubuhi. Mama Wangui aliniletea chupa mbili za asante nyumbani, na mimi nikaziweka pale watu wote kwenye chumba kimoja huweka sabuni: sakafuni, kando ya beseni.

Jumapili, saa nne asubuhi. Nilikuwa naanika nguo kwenye korido, mlango wazi, hatua tatu kutoka kwa mtoto. Tumaini alikuwa na mwaka mmoja na miezi tisa. Nilisikia akikohoa, ile ya kukohoa ndani ya maji. Nikageuka. Ameketi chini, chupa katikati ya miguu, kidevu kizima ni povu, na anaponiona ananinyooshea chupa, kama mtoto anayekugawia juisi.

Jirani mmoja alitaka kumtia kidole kooni. Mwingine akaja na maziwa. Mwingine, na huyu sijamsamehe, akasema kwenye korido kwa sauti ya kusikika, "Akina mama wa siku hizi ni simu tu." Nilikuwa nimeshika nguo mbichi mikononi, si simu. Nikambeba mtoto nikakimbia mpaka kituo cha afya, chupa imo kwapani.

Muuguzi alimpokea haraka. Akanikataza kumtapisha, akamsafisha mdomo, akasikiliza kifua. Akaniuliza amekunywa nini. Nikampa chupa.

"Hii ni juisi."

"Ni sabuni, sista."

Akaifungua akanusa. Akaigeuza, akatazama lile chungwa, akatazama tone. Alikuwa ameona mengi yule mama, lakini nilimwona akikunja uso.

"Nani alitengeneza hii kitu?"

Mimi ambaye nilikuwa nawauliza watu wote wa River Road dizaini ni nini. Mimi wa kupiga dizaini kali.

"Sijui," nikasema.

Tulikaa pale mpaka jioni wakimchunguza asije akawa na sabuni kifuani. Hakuwa nayo. Aliomba ndizi, akala, akalala kwenye mapaja yangu akinuka machungwa. Na mimi nikakaa na lile neno langu, sijui, nikilizungusha, na kila nilipolizungusha nilizidi kupandwa na hasira. Rafu ngapi Kangemi zina hiyo chupa? Kawangware je? Sakafu ngapi?

Jumatatu sikwenda kazini moja kwa moja. Nilianza kwa Mama Wangui, nikamkuta anakoroga.

"Pole sana, mami, nimeskia. Mtoto ako aje?"

"Ako hai. Hiyo chupa iondoe dukani."

Mwiko ukasimama. "Niiondoe kwa nini? Sabuni yangu ni safi, hata mkono haichubui. Mimi ni kuchanganya tu. Picha ni yako."

"Picha uliitaka wewe. Ulisema mate yatoke."

"Ya mtu mkubwa! Kwani uliacha mtoto na sabuni kwa nini?"

Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika mahali ambapo Faith atasoma. Nikatoka hapo mpaka kwa Musyoka. Musyoka amekaa katikati ya chupa zake kama kuku katikati ya mayai. Akanisikiliza, kisha akafungua mikono. "Dada, chupa ni chupa. Mtu akitia asali, ni ya asali. Akitia sabuni, hiyo ni yake na Mungu wake." Nikashuka mjini kwa mkubwa wetu wa ofisi, nikamwambia tusichape tena lile chungwa, na hata nikamweleza sababu. Akavuta faili. Akanionyesha sahihi ya Mama Wangui. "Mteja amekubali. Sisi tunachapa." Sheria yangu mwenyewe hiyo, ya sahihi. Nilikuwa nimewafundisha wote pale ndani.

Mnaona ilivyo? Chupa ilipokuwa inatoka kama maandazi, kila mmoja alikuwa mwenye nayo. Mama Wangui alikuwa anasema ni fomula yake. Musyoka alisema ni chupa zake ndizo zinang'aa. Mimi nilikuwa nimeiweka picha yake kwenye simu. Mtoto alipotoa povu, dizaini ikakosa mwenyewe.

Nikaenda kwa Mzee Karanja kwenye mashine yake. Nilitaka anipe jibu, kwa sababu ndiye aliyenipa macho. Akasikiliza, kisu kikiwa juu.

"Onyo uliliweka?"

"Niliweka."

"Kubwa kiasi gani? Ulivuka nalo barabara?"

"Mzee, Tumaini hajui kusoma. Hata ningeliandika kubwa kama ukuta wa benki."

Akashusha kisu taratibu kwenye karatasi. "Mimi nilifundishwa herufi, msichana wangu," akasema. "Hapo umenifikisha mwisho wangu." Sikumkasirikia. Ni watu wachache wanaojua mwisho wao uko wapi na wakakuonyesha.

Nilipanda ngazi kwa Atieno kulia tu, kusema kweli. Alikuwa anakata sare, mkanda wa kupimia shingoni. Hakuacha kukata.

"Mimi kabla sijaweka mkasi kwenye kitambaa," akasema, "lazima nipime mwili. Nyinyi mlipima mwili wa nani?"

"Wa mnunuzi."

"Mlimpima macho, akiwa amesimama dukani. Na nyumbani nani ako chini pale beseni iko?"

Nikaacha kulia. Nikataka kujua. Ile hamu yangu ya zamani ya kuuliza watu ilirudi, lakini safari hii sikutaka mtu aniambie kitu kwa mdomo. Nilitaka kuona.

Kwenye ploti yetu kuna Mama Kevo anayelea watoto wa wanaokwenda kazini, kumi na wawili hivi. Nilimwendea na chupa nne mpya, zenye maji.

"Unataka kuwafundisha watoto wa watu kunywa sabuni?"

"Ni maji, Mama Kevo. Nimeyachemsha mwenyewe. Onja."

Akaonja zote nne, moja moja, akinitazama. Wazazi wakaulizwa jioni, wakakubali kwa sharti nikae hapo mimi mwenyewe. Asubuhi yake nikaziweka sakafuni. Moja ilikuwa na lebo yangu ya chungwa. Ya pili lebo nyeupe yenye maandishi matupu. Ya tatu nilikuwa nimeichora fuvu la kichwa, la kutisha kabisa. Ya nne haikuwa na kitu.

Nilikuwa na uhakika, jamani. Nilijua watakimbilia chungwa, fuvu wataliogopa, nami nitarudi ofisini nikachore fuvu zuri. Yule mkubwa wao, wa miaka mitatu, alienda moja kwa moja kwa fuvu. "Mdoli!" akasema, akalibusu. Wengine walichukua iliyokuwa karibu. Lebo hawakuitazama hata mmoja. Walishika chupa pale kwenye kiuno chake, kwa mikono miwili, wakaipeleka mdomoni na kugeuza kifuniko kwa meno, haraka, kama watu waliozaliwa wakijua.

"Si ndiyo ile ya juisi wanabeba kila siku," akasema Mama Kevo. "Wanajua hiyo chupa kuliko jina la baba yao."

Nilikaa kwenye ile sakafu nikicheka, nikiwa nimekasirika. Miaka kumi na mmoja nabishana na watu juu ya rangi na herufi, na hawa wamenisomea kazi yangu kwa viganja. Chungwa lilikuwa limemdanganya muuguzi na lingemdanganya mgeni wako, hilo ni kosa langu na silikwepi. Lakini mtoto alikuwa ameitwa na chupa.

Nikarudi kwa Musyoka. Safari hii sikumgombeza, nilimuuliza. Ukimuuliza mtu kazi yake, anabadilika. Nini hushindwa kufunguka? Akafikiria, akazama nyuma ya banda, akatoka na kimtungi kipya cheupe, kisichoonyesha ndani, kifupi na kipana, chenye mkono wa kushikia. Kifuniko chake unakibonyeza chini kwanza, ndipo kinageuka.

"Hizi ni za wale wa dawa za mimea. Hazitoki sana. Hata mimi zilinishinda mara ya kwanza, nikadhani ni mbovu."

"Nipe hiyo mbovu."

Wiki hiyo hiyo mkubwa wetu alimchapia Mama Wangui roli lingine la lebo za chungwa. Lilichapwa kwenye mashine iliyo nyuma ya kiti changu, nikiwa nimeketi. Nilisikia likizunguka. Nikasimama, nikachukua kikombe changu na mto wa kukalia, nikamwambia Mzee Karanja kwaheri. Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Hakukuwa na keki. Siku hizi niko juu kwa Atieno, najifunza kupima.

Faith, usiandike haya kwenye fomu yako, watakunyima nafasi. Lakini ukiketi na kazi, mtafute yule ambaye hakuja ofisini. Mteja amekuja, ameketi nyuma ya bega lako, anaongea. Kuna mwingine ambaye ataishika hiyo kitu na hajui hata kama wewe uko duniani. Anaweza kuwa amesimama na kitambaa Spring Valley. Huyo hatii sahihi. Mtafute umtazame akiishika, na ukishindwa kumpata, tafuta anayefanana naye. Kama hiyo ni dizaini ama ni kitu kingine, mtaamua nyinyi mliokwenda chuo.

Lililobaki lilikuwa Mama Wangui. Bila yeye, kimtungi kilikuwa kimtungi tu, na chupa zilikuwa bado kwenye rafu. Nilimkuta ameweka roli jipya la lebo juu ya pipa. Alikitazama kimtungi kama mtu aliyeletewa mchumba mbaya.

"Mami, hii haina sura. Watu wanataka kuona rangi. Rangi ndiyo inaniuzia."

"Najua."

"Mimi nina watoto wa shule, na wajukuu."

"Najua. Hata mimi nina mtoto. Njoo kwa Mama Kevo kesho. Nitaweka chupa yako na hiki, vyote maji. Ukiona mmoja amefungua kimtungi, nitakuchorea machungwa mpaka uzeeke, na nitakuomba msamaha mbele ya ploti nzima."

"Mbele ya ploti nzima?"

"Na huyo wa maneno ya simu akiwepo."

Hilo lilimchekesha, naye akaja. Amevaa leso yake nzuri, amebeba roli la lebo kwenye mfuko kwa sababu alikuwa anatoka hapo kwenda kubandika. Mama Kevo akampa kiti. Nikaweka vitu sakafuni nikarudi ukutani.

Chupa haikumaliza dakika. Mtoto mmoja aliinua, mwingine akamnyang'anya, kifuniko kikatoka, maji yakamwagika kwenye fulana. Nilimwona Mama Wangui akivuta leso kifuani.

Kimtungi kilichukua muda. Mmoja alikipiga kama ngoma. Yule mpenzi wa fuvu akakikalia. Wakakisukuma, wakakilamba, mmoja akajaribu meno, kifuniko kikazunguka bure, tak tak tak, wakafurahia ule mlio. Wakakiacha. Halafu Tumaini akatoka kwenye kona. Sikuwa nimemwita. Akakishika kwa ule mkono wa kushikia, akajaribu kifuniko kwa vidole, kwa meno, kwa kukigonga chini. Akakaa akakitazama. Kisha akasimama, akakiburuta kwa mikono miwili sakafu nzima, akanipita mimi mama yake, mpaka kwenye magoti ya Mama Wangui.

"Shosho. Fungua."

Mama Wangui alikipokea. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kifuniko, kama mkono wa nyanya yeyote anayeombwa na mjukuu, ukabonyeza, ukaanza kugeuza. Ukasimama hapo hapo. Alijua ni maji. Sote tulijua ni maji.

"Hapana, mami," akamwambia Tumaini. "Hii si ya kunywa."

Akainuka, akakiweka juu ya kabati la Mama Kevo, nyuma kabisa, akakisukuma mara moja zaidi kwa ncha za vidole. Akaketi tena. Alikuwa bado anatazama kule juu aliponiuliza:

"Hivi vimtungi, Musyoka hana vya kijani?"